Mwaya: Muziki Uliolelewa Msibani

Miji mikongwe yenye sifa ya muziki huwa na mlezi wake. Venice ilikuwa na kanisa la San Marco, na nyuma ya kanisa hilo ilisimama dola ya wafanyabiashara iliyowalipa waimbaji na wapiga ala. Unguja ilikuwa na kasri. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuifungulia taarab mlango kutoka Misri, na mwaka 1905 kikundi cha Ikhwani Safaa kikaitoa nje ya kuta za wakubwa. Mwaya, bandari ndogo kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, haikuwa na kasri wala kanisa kuu. Ilikuwa na mpunga, migomba, ng'ombe, mitumbwi na mvua isiyokwisha. Hata hivyo ufuo huu umepokea ngoma, tromboni, vibuyu vya kuimbia, kwaya na spika za umeme, ukavilea vyote mpaka vikawa vyake. Mlezi wa muziki wa Mwaya alikuwa msiba.

Nasema hivi kwa sababu historia ya muziki wa Tanzania imeandikwa kwa kuyatazama majumba ya starehe: dansi la Dar es Salaam, taarab ya Unguja na Tanga, klabu na redio. Ukiingia Kyela, wilaya ya Mwaya, na miwani hiyo utaona upungufu tu. Ukienda pale watu wanapokusanyika kweli, yaani nyumbani kwa marehemu, utakuta hazina.

Mwaya iko kwenye uwanda wa chini ambao mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo imeujaza udongo mweusi wa Milima ya Rungwe. Mashariki umesimama ukuta wa Milima ya Livingstone, na chini yake Matema na Ikombe, kwa Wakisi wafinyanzi wa vyungu. Magharibi, ng'ambo ya Songwe, ni Karonga, kwa Wangonde ambao lugha yao na ya Wanyakyusa, wenyeji wa uwanda huu, ni moja, ila mpaka wa wakoloni umewatenga. Joseph Thomson, Mskoti aliyefika upande huu mwaka 1879, alistaajabia usafi wa vijiji vilivyojificha ndani ya migomba. Hakukaa muda wa kutosha kusikia mengi. Waliokaa wakasikia ni Godfrey Wilson na mkewe Monica, wanaanthropolojia walioishi na Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938. Bila daftari zao tungekuwa na kumbukumbu chache mno za jinsi ngoma ya mazishi ilivyokuwa kabla ya kubadilika.

Wanyakyusa wa wakati huo walikaa kwa rika. Vijana wa umri mmoja walitoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao, wakakua na kuzeeka pamoja humo. Kila nchi ndogo ilikuwa na mtawala wake, malafyale, na chini yake vijiji vya rika kadhaa. Mpangilio huu una maana kubwa kwa muziki kuliko wasomi wengi walivyouona. Kijiji cha watu waliokua pamoja, wanaolima pamoja na kula pamoja, ni kikundi cha ngoma kilichokwisha kuundwa. Hakihitaji kuitwa mazoezini. Kinahitaji kupewa siku na uwanja tu, na siku hiyo ililetwa na kifo.

Godfrey Wilson aliyaeleza mazishi hayo kwa kina katika makala aliyoichapisha mwaka 1939. Kilio kilikuwa cha wanawake, nao walikaa karibu na maiti wakilia kwa sauti ya kupokezana. Kucheza kulikuwa kwa wanaume. Pembeni, chini ya miti, walikaa wapigaji na ngoma zao, mara nyingi tatu. Vijana waliingia uwanjani wamevaa njuga miguuni na nguo zilizofungwa kiunoni, miili imepakwa udongo mwekundu na mweupe, mikuki mikononi. Hapakuwa na mistari. Kila mmoja alirukaruka na kukimbia kivyake, anachimba ardhi kwa kisigino, anatikisa mkuki, anageuka. Wanawake wachache walipita katikati yao wakipiga vigelegele vya vita na kuzungusha viuno. Vumbi lilipanda, ngoma zikakaza, na baada ya muda mgeni aliyekuwa akitazama asingeona dalili yoyote ya huzuni. Wilson alipowauliza watu wanafanya nini, walimjibu kwamba wanamlilia marehemu.

Jibu hilo lina uzito wote wa jambo hili. Wenyeji walimweleza kuwa ile ni ngoma ya vita, na kwamba mwanaume huomboleza kwa kuonyesha hasira na nguvu zake. Ugomvi ulizuka mara nyingine na mikuki ikatumika kwa kazi yake. Vijana na wasichana waliangaliana, uchumba ukaanzia papo hapo. Ng'ombe walichinjwa na wageni walitoka mbali. Hebu tuliangalie jambo hili kwa jicho la muziki: msiba ulitoa chakula, hadhira, siku kadhaa mfululizo, na sababu ya mchezaji hodari kuonekana na watu wa nchi nzima. Kasri la mfalme lingempa nini zaidi?

Ulimwengu huo ulikuwa tayari unatikisika. Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alikuwa amejenga ngome karibu na Karonga, akapigana na Waskoti wa kampuni ya African Lakes kuanzia 1887 hadi 1889. Waingereza walimnyonga mwaka 1895. Wajerumani walijenga boma lao la Langenburg ufuoni mwaka 1893, kisha wakalihamishia juu kwenye baridi ya Tukuyu. Kabla ya bendera yao kutulia, wamisionari walikuwa wamefika. Mwaka 1891 yalikuja makundi mawili kwa njia ya ziwa: Wamoravian walioanzisha Rungwe, na Waluteri wa Berlin chini ya Alexander Merensky waliojenga upande wa mashariki na baadaye Ikombe ufuoni. Kati ya Wamoravian wanne wa kwanza mmoja, Georg Martin, alifariki mwaka huohuo. Kaburi la kwanza na kanisa la kwanza vikafuatana. Kabla ya karne ya 20 kuingia, Wamoravian walikuwa wameshuka hadi Ipyana, kwenye uwanda wenyewe wa Kyela.

Wamoravian hawa hawakuwa Wakristo wa kawaida katika mambo ya muziki, na hapa inatubidi twende mbali kidogo. Mwishoni mwa karne ya 16, ndani ya San Marco, Giovanni Gabrieli alikuwa akitunga muziki wa waimbaji na tromboni waliogawanywa katika makundi yaliyojibizana kutoka kwenye roshani tofauti za kanisa. Mwaka 1609 Mjerumani kijana, Heinrich Schütz, alikwenda Venice kujifunza kwake, akabaki mpaka baada ya mwalimu wake kufariki mwaka 1612. Aliporudi akawa mkuu wa muziki wa Dresden, Saksonia, akautia mtindo ule wa makundi yanayojibizana na tromboni ndani ya ibada ya Kiprotestanti. Karne moja baadaye, mwaka 1722, wakimbizi wa kidini kutoka Moravia walijenga kijiji cha Herrnhut kwenye ardhi ya Count Zinzendorf, katika Saksonia hiyohiyo. Mnamo miaka ya 1730 walikuwa na kundi la tromboni. Sidai kwamba Gabrieli aliwatuma. Ninachosema ni kwamba nchi iliyowazunguka ilikwisha kuzoea kumsikia Mungu akisifiwa kwa shaba, na mzizi mmojawapo wa mazoea hayo ulitoka Italia.

Tromboni za Herrnhut zilikuwa na kazi mahususi. Mshirika alipofariki, kundi lilipanda mahali pa juu na kupiga nyimbo tatu za ibada kuitangaza habari, na wimbo wa katikati ulieleza marehemu alikuwa wa kundi gani: mzee wa ndoa, mjane, kijana asiyeoa, msichana, mtoto. Kwa sababu Wamoravian nao walikaa kwa makundi ya rika na hali. Walisali kwa makundi hayo, wengine waliishi katika nyumba za makundi hayo, na makaburini walizikwa kwa makundi hayohayo bila kujali ukoo. Alfajiri ya Pasaka tromboni ziliwaamsha watu waende makaburini kulipokea jua pamoja na wafu wao. Desturi hiyo ilianza Herrnhut mwaka 1732, na Wamoravian wa Tanzania wangali wanaamkia makaburini siku hiyo.

Basi fikiria watu wa namna hiyo wanafika kwa Wanyakyusa, ambao nao wanaishi kwa rika na kuuweka muziki wao mkubwa kabisa kando ya kaburi. Wamisionari walijiona wameleta kitu kigeni kabisa. Mimi naona walifika mahali palipokuwa na kiti kitupu chenye ukubwa wa tromboni. Ndiyo maana matarumbeta, kama watu wanavyoyaita, yaliota mizizi Rungwe na Kyela kwa nguvu ambayo haikuonekana kwa misheni nyingi za pwani.

Hayakuota kwa amani lakini. Wamisionari wa pande zote, Wajerumani na Waskoti wa misheni ya Livingstonia vilevile, waliiona ngoma ya mazishi kuwa upagani na ulevi, wakawakataza waumini kuicheza. Katika miaka ya 1930 akina Wilson walikuta jamii imegawanyika kaburini: wapagani wakicheza, Wakristo wakiimba nyimbo za kitabuni na kukataa kucheza hata kwa ndugu wa damu. Nyua zilikuwa na misiba miwili ndani ya msiba mmoja. Mwanaume Mkristo alinyang'anywa mkuki na njuga, akapewa kitabu cha nyimbo, akaambiwa asimame wima. Tarumbeta lilimrudishia sehemu ya kile alichopoteza. Kulipuliza kunataka kifua. Kunataka kutembea kwa mpango mbele ya jeneza, jasho likimtoka, watu wakimtazama. Huzuni ya mwanaume ikapata tena sauti kubwa, safari hii ndani ya sheria za kanisa. Naamini hii ndiyo sababu bendi za usharika zilipendwa zaidi na wanaume kuliko kwaya.

Katikati ya habari hiyo iliingia vita. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa juu ya nchi kavu inatengenezwa, huko Liuli. Septemba 1914 majeshi yalipigana Karonga. Mei 1916 Jenerali Edward Northey aliuvuka Songwe na kuiteka Tukuyu. Mwaya ikawa lango lake: mizigo ya jeshi ilishushwa hapo kutoka melini, ikabebwa vichwani kuelekea milimani na Njombe. Wabebaji, watengatenga, walikufa kwa kuhara, njaa na baridi wakiwa wengi kuliko askari waliokufa kwa risasi. Wamisionari wa Kijerumani waliwekwa kizuizini, na Waskoti wa Livingstonia wakashika vituo vyao kwa miaka kadhaa. D. R. Mackenzie, mmoja wa Waskoti hao, alichapisha kitabu juu ya Wakonde, yaani Wangonde, mwaka 1925.

Askari na wabebaji walijifunza kitu kingine njiani: beni. Ngoma hii ilizaliwa pwani katika miaka ya 1890, kati ya Lamu na Mombasa, vijana walipoiga bendi za shaba za misheni, za masultani na za manowari. Ilikuwa na vyeo vya kifalme na kijeshi, sare, gwaride na mashindano makali kati ya vikundi. Mombasa walikuwa na Kingi na Scotchi. Tanga na Dar es Salaam Marini na Arinoti. Majeshi ya pande zote mbili yaliitawanya bara. Baada ya vita maofisa wa Kiingereza walishtushwa na kuona vijana wa makabila mbalimbali wakiwa na matawi ya chama kimoja kutoka bahari hadi maziwa, wakaanza kuchunguza kama kuna siasa ndani yake. Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya ngoma hii mwaka 1975, na mpaka leo hakijapata mpinzani.

Ilipofika Ziwa Nyasa beni ilikutana na tatizo la vyombo. Tarumbeta la shaba halikununulika. Vijana wa ufuoni wakachukua kibuyu, wakakikata ncha, wakatoboa tundu ubavuni na kulifunika kwa utando mwembamba wa buibui, ule anaofungia mayai yake. Ukiimba ndani ya kibuyu hicho utando hutetema na sauti hutoka imekwaruza na kung'aa, karibu kabisa na shaba. Kibuyu kidogo kinatoa sauti ya juu, kikubwa kinanguruma. Weka safu ya vibuyu vya saizi mbalimbali na ngoma kubwa nyuma yake, na una bendi ya kijeshi iliyootea shambani. Upande wa Malawi iliitwa malipenga. Mganda lilikuwa jina lake sehemu nyingine, pamoja na huku upande wetu, Ruvuma. Wanyakyusa na Wangonde wanasema mapenenga. Padri A. M. Jones aliandika juu ya mganda mwaka 1945, na mwaka 1965 W. P. Koma-Koma alichapisha Malawi kitabu kizima kuhusu ngoma hiyo.

Naipenda ngoma hii kuliko zote za ziwani, na sababu yangu ni utando ule wa buibui. Watu waliobebeshwa risasi za wengine walirudi nyumbani wakatengeneza jeshi lao wenyewe, lenye kaptura nyeupe, soksi zilizopandishwa, viatu vilivyong'arishwa, kapteni, daktari na nesi, na lisiloua mtu. Ukiitazama safu ya mapenenga ikitembea polepole, goti likikunjwa kwa pamoja, mwili umeinama kidogo, unaona nidhamu ya gwaride iliyolegezwa mpaka imekuwa maringo. Mapenenga hayakutegemea msiba kama ngoma ya mikuki. Mlezi wake alikuwa ushindani wa kijiji na kijiji. Lakini tukumbuke ngoma ya mazishi ilikuwa ngoma ya vita. Wakoloni walipopiga marufuku vita vya mikuki, vita vilibaki na mahali pawili pa kuchezwa: kaburini, na kwenye uwanja wa mapenenga.

Miaka iliyofuata niipite haraka. Dhahabu ya Lupa, huko Chunya, iliwavuta wanaume wa Rungwe na Kyela katika miaka ya 1930. Wengine walikwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengi zaidi, kwa mkataba wa shirika la uandikishaji Wenela, migodi ya Afrika Kusini, mpaka serikali ya Tanganyika huru ilipoukomesha uandikishaji huo. Walirudi na gramafoni na magitaa. Kuanzia 1949 redio za bei nafuu za betri, zilizotengenezwa kwa ajili ya wasikilizaji Waafrika wa kituo cha Lusaka, zilisambaa Rhodesia na Nyasaland; muziki wa kusini ukawa unafika ziwani bila kusubiri meli. Kwa watu wa Mwaya, Lusaka na Johannesburg zilikuwa karibu kuliko Dar es Salaam, na sikio lao lina alama hiyo mpaka leo.

Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alilalamika mbele ya Bunge kwamba tumefundishwa kuzionea haya ngoma zetu, akaunda wizara ya utamaduni na vijana. Nia ilikuwa njema. Ila ngoma iliyochukuliwa na taifa ilichukuliwa kwa jukwaa: kikundi cha ngoma cha taifa, baadaye Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, dakika chache za kila kabila mbele ya wageni. Ngoma ya mazishi haiwezi kuchezwa kwa dakika tano. Inahitaji maiti, wajomba waliogombana, na ng'ombe. Wakati huohuo Mwaya yenyewe ilipungua, bandari ya Itungi ilipochukua meli na mizigo.

Kisha ukaja UKIMWI, ambao katika miaka ya 1990 uliipiga Kyela vibaya, wilaya ya mpakani yenye soko kubwa na wasafiri wengi. Misiba ilifuatana. Mzigo wa kuimba uliangukia kwaya za makanisa, za Moravian, za Kiluteri na zaidi na zaidi za Kipentekoste, ambazo ziliitwa juma baada ya juma. Huwezi kuelewa kwa nini Nyanda za Juu Kusini zina waimbaji wengi kiasi hiki wa nyimbo za injili usipokumbuka kwamba kizazi kizima kilijifunza kuimba kwa sauti nne kando ya makaburi. Hata muziki wa vijana una jina la kwetu ndani yake: Rayvanny, aliyezaliwa Mbeya na ambaye ukoo wake ni Mwakyusa, alishinda tuzo ya BET mwaka 2017.

Leo ukienda msibani Kyela utasikia tabaka zote hizi kwa siku moja. Wanawake wanalia kwa kupokezana. Kwaya iko chini ya turubai na kinanda cha umeme. Matarumbeta yanasindikiza jeneza, na kijana anayepuliza tuba anapiga hatua ambazo hakufundishwa na Mmoravian yeyote. Wazee katika baadhi ya vijiji bado wanaitoa ngoma. Mapenenga huonekana zaidi kwenye mapokezi ya viongozi, na kwenye tamasha la ngoma za jadi linaloandaliwa na taasisi ya Tulia Trust huko Tukuyu, tamasha ambalo limewapa vijana wa vijijini sababu ya kushona sare tena. Nalishukuru kwa hilo.

Lakini ng'ambo ya Songwe wametutangulia. Mwaka 2018 Malawi iliifikisha UNESCO ngoma ya Mwinoghe, inayochezwa Chitipa na Karonga na Wasukwa, Wandali na Wabandia, kwa ngoma tatu na filimbi, ikiwa imetokana na ngoma ya zamani ya Indingala. Wandali hao wana ndugu zao Ileje, upande wetu, saa chache kwa miguu. Tanzania iliridhia mkataba wa UNESCO wa urithi usioshikika mwaka 2011. Mapenenga yangestahili kuombewa nafasi hiyo na nchi mbili kwa pamoja, Kyela na Karonga kwenye faili moja. Ombi la namna hiyo linataka kurekodiwa kwa majina, mitindo, mafundi wa vibuyu na wapigaji waliobaki, kazi ambayo halmashauri mbili, sharika kadhaa na chuo kimoja cha Mbeya zinaweza kuianza wakati wowote baada ya mavuno ya mpunga, vikundi vinapokuwa na nafasi na barabara ya Mwaya inapopitika.